Mtoto Mchanga Hana Miezi Sita ya Kungoja

Mtoto akiokotwa nchini Kenya, awe amepatikana kichakani, kwenye ngazi za kanisa au wodini baada ya mamake kutoweka usiku, safari yake huanzia kituo cha polisi. Ataandikiwa nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, atapimwa hospitalini, kisha afisa wa watoto atapiga simu huku na huku akitafuta makao ya watoto yenye nafasi. Kitanda kikipatikana, kila mtu hushusha pumzi. Polisi amemaliza yake, afisa amemaliza yake, na gazeti likiandika habari hiyo litamalizia kwa kusema kwamba mtoto sasa yuko salama.

Nasema hayuko salama. Ana blanketi, ana maziwa, ana paa juu yake. Asichokuwa nacho ni mtu, yaani mtu mmoja anayemjua kwa sauti, atakayemwamkia leo, kesho na mtondo. Na huyo mtu hatampata karibuni, kwa sababu tumeamua kwamba makaratasi ndiyo yatangulie.

Tazama yanavyokwenda. Kwa utaratibu tuliouzoea, mtoto wa kuokotwa hukaa angalau miezi sita polisi wakisubiriwa watafute wazazi au jamaa. Wasipowapata, huandika barua ya kuthibitisha kwamba hakuna aliyejitokeza, na bila barua hiyo mtoto hawezi kutangazwa kuwa huru kuasiliwa. Barua inachelewa. Afisa aliyelishika jalada amehamishiwa kaunti nyingine, na aliyerithi dawati lake hajui jalada liko wapi. Makao yanatuma mtu, anaambiwa arudi wiki ijayo. Barua ikishatoka, kuna kamati. Baada ya kamati mtoto anakutanishwa na watu wanaomtaka, wakae naye miezi mitatu kabla ya kufika mahakamani. Huko nako kuna mtu wa kuteuliwa kulinda maslahi ya mtoto, kuna ripoti ya Idara ya Huduma za Watoto, kuna kesi inayoahirishwa kwa sababu ripoti hiyo haijafika. Nimesoma jalada la mtoto aliyeingia makao kabla hajaota jino, akatoka akiwa amevaa sare ya chekechea.

Sipingi uchunguzi. Anayetaka kulea mtoto wa mwenzake achunguzwe mpaka kieleweke. Jamaa za mtoto watafutwe kwa bidii ambayo leo haipo. Ninachopinga ni mahali tunapomweka mtoto wakati kazi hiyo ikiendelea. Miezi sita ya kuwasaka jamaa inaweza kupita akiwa amebebwa mgongoni na mama fulani wa Githurai au Likoni, mama ambaye serikali imemkagua, imemfunza na inamtembelea. Haya ndiyo malezi ya kambo yanayotajwa na sheria: familia inapewa mtoto imlee kwa muda, chini ya jicho la afisa wa watoto. Jamaa wakipatikana na wakiwa wanafaa, mtoto anarudi kwao. Wasipopatikana, familia iliyokesha naye tangu ana wiki mbili iwe ya kwanza kuulizwa kama ingependa kumwasili, kwa sababu mtoto amekwisha kuchagua.

Wapo wanaodhani natia chumvi kuhusu makao. Twende pamoja hadi chumba cha watoto wachanga, saa kumi alasiri, katika makao ambayo hayana sifa mbaya hata kidogo: sakafu inang'aa, mapazia yamefuliwa, vitanda vimepangwa kwa safu. Kitakachokushtua ni ukimya. Watoto kumi na kadhaa wako macho na hakuna anayelia. Mlezi wa zamu atakwambia kwa fahari kwamba watoto wake ni wapole. Yeye ni mtu mwema na amechoka, na peke yake hawezi kuwabeba wote, kwa hiyo chupa ya maziwa imeegemezwa kwenye kanga iliyokunjwa ili mtoto anyonye bila kushikwa. Saa kumi na mbili atakwenda zake, aje mwingine. Watoto hao si wapole. Walilia wakati wao, wakaona kwamba kilio hakileti mtu, wakaacha.

Chumba cha pili ni cha wanaotembea. Msichana wa miaka miwili alinikimbilia akiwa ameinua mikono nimbebe, akaniita mama. Wageni wenzangu wakafurahi, wakasema ona anavyopenda watu. Dakika chache baadaye alimkimbilia dereva wetu, akainua mikono vilevile, akamwita mama. Mtoto mwenye wake hafanyi hivyo. Mtoto mwenye wake, akiona mgeni, hujificha nyuma ya leso ya mamake na kuchungulia kwa jicho moja. Yule msichana alikuwa ametuonyesha jeraha lake, nasi tukampiga picha.

Wataalamu wamelijua jambo hili kwa muda mrefu kuliko umri wa taifa letu. Mwaka 1951, daktari Mwingereza John Bowlby aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti iliyosema kwamba mtoto mdogo anahitaji uhusiano wa karibu na wa kudumu na mama au mtu wa kushika nafasi ya mama. Kisha ikaja Romania. Utawala wa Nicolae Ceaușescu ulipoanguka mwaka 1989, dunia ilikuta watoto zaidi ya laki moja wamefungiwa katika makao ya serikali. Mwaka 2000 watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walianza kazi jijini Bucharest wakiwa na watoto 136, wenye umri wa kati ya miezi 6 na 31, wote kutoka kwenye makao. Kwa bahati nasibu, nusu walipelekwa kwa familia za malezi ya kambo na nusu wakabaki katika mfumo uliokuwepo. Waliopata familia waliwapita wenzao kwa akili na kwa uwezo wa kujifungamanisha na mtu. Hata kimo chao kiliongezeka upesi. Na waliofika kwenye familia kabla ya kutimiza miaka 2 ndio waliofaidika zaidi, hivi kwamba walipopimwa wakiwa na miaka 8, shughuli ya umeme kwenye bongo zao ilikaribiana na ya watoto ambao hawakuwahi kukanyaga makao.

Rudia hapo penye miaka 2, kisha uyatazame tena majalada yetu. Utaratibu wetu unakula sehemu ileile ya maisha ambayo haiwezi kurudishwa. Tunamkabidhi mtoto kwa wazazi wapya baada ya dirisha kufungwa, kisha tunashangaa kwa nini hataki kukumbatiwa, kwa nini anaficha chapati chini ya mto, kwa nini mwalimu analalamika.

Wala hatuwezi kujitetea kwamba hatukuambiwa. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa na Baraza Kuu mwaka 2009, inataka watoto wadogo, hasa wa chini ya miaka 3, walelewe katika mazingira ya familia. Ibara ya 14 ya Katiba ya Kenya inasema mtoto anayepatikana nchini, anayeonekana kuwa na umri wa chini ya miaka 8 na ambaye wazazi na uraia wake havijulikani, achukuliwe kuwa raia wa kuzaliwa. Yaani nchi imemkubali mtoto wa kichakani bila kumdai barua ya polisi wala kikao cha kamati. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeweka makao kuwa kimbilio la mwisho, ikaipa nafasi familia ya ukoo, malezi ya kambo, kafala ya Kiislamu na kuasili. Mwaka huohuo serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa kuwahamisha watoto kutoka kwenye makao hadi kwenye familia, utakaokamilika mwaka 2032. Mtoto aliyezaliwa mkakati ulipozinduliwa atakuwa na umri wa miaka 10 utakapotimia. Kwake yeye miaka hiyo 10 ndiyo utoto wote, na serikali inakadiria kwamba watoto wanaoishi makaoni wanapita 40,000.

Kwa nini basi malezi ya kambo yamebaki kwenye karatasi? Jibu la kwanza linatuuma sisi wananchi kabla halijawauma maafisa. Tunayapenda makao. Tunayapenda kwa sababu yanatupa pa kwenda siku ya kuzaliwa ya binti yetu, na Jumamosi ya kwanza ya mwezi na kikundi cha kanisa, tukiwa na unga, sukari, nepi na keki. Tunaimba, tunapiga picha tukiwa tumewapakata watoto wa watu, na saa kumi na moja jioni tunapanda gari. Nimesimama kwenye lango hilo gari likiondoka na nikawasikia watoto nyuma yangu. Kampuni zinafanya hivyohivyo zikiwa na fulana zenye nembo, wanasiasa wanafanya hivyohivyo msimu wa kura, na wageni wa ng'ambo wanalipa ili wakae wiki mbili wakiwabeba watoto wachanga, wawazoeshe harufu yao, kisha wapande ndege. Pesa hizi zote hufuata kitanda chenye mtoto. Kitanda kikiwa kitupu, mfadhili anauliza maswali. Msimamizi wa makao aliyempeleka mtoto kwenye familia amepunguza bajeti yake mwenyewe, na hapo hata mtu mwenye moyo safi hupata sababu ya kungoja kidogo.

Fedheha nyingine imo humohumo. Wengi wa watoto walio makaoni si yatima kamili. Wana mama, wana nyanya, wana mjomba kijijini. Walifikishwa huko kwa sababu ya njaa, ugonjwa, karo, au kwa sababu msichana wa miaka 16 alizaa na wazazi wake wakamfukuza. Umaskini peke yake haupaswi kuwa sababu ya kumtenga mtoto na mzazi wake. Hilo nalo limo katika ile miongozo ya 2009. Kwa hiyo mtu asinisome kama anayewaita wenye nyumba kubwa wakachukue watoto wa wasio na nyumba. Kama nyanya wa Siaya angeweza kumlea mjukuu wake kwa sehemu tu ya pesa zinazotumika kumlea mtoto huyo makaoni, basi nyanya apewe hizo pesa na mtoto arudi nyumbani. Kuasili ni kwa ajili ya yule ambaye tumemtafutia kwao tukakosa. Na tutamtafutia vizuri zaidi tukilazimika kufanya kazi hiyo kwa tarehe za mwisho zenye meno, kuliko sasa ambapo kitanda cha makao kinamruhusu kila mtu kusahau.

Nitaambiwa kuhusu biashara ya watoto. Ni hofu ya kweli nami ninayo. Mnamo Novemba 2014 Baraza la Mawaziri lilipiga marufuku wageni kuwaasili watoto wa Kenya, kwa sababu ya hofu hiyohiyo. Novemba 2020 kipindi cha Africa Eye cha BBC kiliwaonyesha watu jijini Nairobi wakiwauza watoto wachanga, wengine wakiwa wameibwa kwa akina mama wanaolala mitaani. Lakini biashara hii inastawi wapi? Inastawi pale ambapo mwanamke asiyejaliwa mtoto ameizunguka ofisi ya halali mwaka wa pili bila jibu, na pembeni amesimama mtu anayemnong'onezea kwamba kuna njia ya wiki moja. Kila jalada linalolala ofisini linamtafutia mwizi wa watoto mteja. Mtoto aliye kwenye nyumba iliyosajiliwa, inayojulikana na chifu, majirani na kliniki, anayetembelewa bila taarifa na afisa, ni vigumu zaidi kuuzwa kuliko mtoto aliye kwenye safu ya vitanda ambamo wageni huingia na kutoka kila Jumamosi.

Kisha kuna pingamizi ninalolisikia zaidi, na ambalo hunikasirisha kuliko yote: mlezi wa kambo atampenda mtoto, halafu mama mzazi ajitokeze, mtoto arudishwe, na mlezi aumie. Ndiyo, ataumia. Atalia wiki nzima na vile viatu vidogo vitamliza tena mwezi ujao. Lakini yeye ni mtu mzima. Ana dada wa kumpigia simu, ana mchungaji au imamu, anajua kwa nini anaumia na anajua kwamba maumivu hupungua. Tumeamua kumkinga huyu dhidi ya machozi, na gharama tumemtwika mwenye wiki mbili asiye na hata neno moja la kusema kinachomkosesha usingizi. Ni woga huo, na nashangaa tunavyoutaja hadharani kama hekima. Mlezi aliyempenda mtoto miezi mitano kisha akamrudisha kwa mamake amemtendea mtoto huyo jambo kubwa: amemfundisha kupenda, na mtoto aliyejua kumpenda mtu mmoja atajua kumpenda mwingine.

Tuje nyumbani, kwenye mikutano ya familia. Mtu akitangaza kwamba anataka kuasili, maneno huanza. Hujui damu yake. Utamlea na baadaye akugeuke. Mbona usioe mwingine. Mashirika ya kuasili yamesema kwa miaka mingi kwamba Wakenya wengi huomba mtoto msichana, na sababu inajulikana: mvulana ataulizia shamba. Yaani kuna wavulana wanaozeeka makaoni kwa sababu ya ekari mbili ambazo pengine zitauzwa na wenye damu halisi kabla hawajafika miaka 20. Amri ya kuasili ikishatolewa na mahakama, mtoto ni mtoto, anarithi kama aliyezaliwa humo, na mjomba asiyetaka kusikia hilo aende akamwambie jaji. Wahenga walikwisha sema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hii tunawasomesha watoto shuleni, kisha tunaikana mbele ya mtoto wa pekee inayemhusu.

Aibu hii ya kuasili ndiyo inayowafanya wanawake wengine kujifunga matambara tumboni miezi kadhaa ili majirani wadhani ni wajawazito, wakasafiri, wakarudi na mtoto. Siwacheki, nawahurumia, na nawalaumu waliowasukuma huko. Lakini uongo huo humrudia mtoto. Ataambiwa na binamu siku ya ugomvi, au kwenye mazishi, na siku hiyo ataanza kushuku kila alichowahi kuambiwa na mamake. Mtoto aambiwe mapema, akiwa bado anaketi magotini, kwamba alikuja nyumbani kwa njia nyingine na alingojewa. Nimeona mzee mmoja wa Nyeri akimpa mjukuu wa kuasiliwa jina lake mwenyewe, mbele ya ukoo mzima, kama anavyopewa mjukuu wa kwanza wa kiume kwa desturi ya Wakikuyu. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kunong'ona.

Ndugu zetu Waislamu, Pwani na Kaskazini Mashariki, wasiachwe nje ya jambo hili kwa kisingizio kwamba dini yao haikubali kubadilisha nasaba. Sheria ya 2022 imeitambua kafala. Mtoto analelewa kikamilifu na kubaki na ukoo wake kama unajulikana. Mlezi anaweza kumwandikia wosia usiozidi theluthi ya mali yake, na akinyonyeshwa na mama wa nyumba hiyo akiwa mchanga anakuwa mwana wa kunyonya, hivyo suala la mahramu, yaani watu wasioweza kuoana, linakwisha. Kisheria mlango upo wazi. Misikiti na madrasa za Mombasa na Lamu zingeweza kuwa na orodha ya familia zilizo tayari kabla serikali haijaamka.

Kwa maana orodha ndiyo inayokosekana. Bunge likiketi kwa bajeti ijayo, liulizwe ni shilingi ngapi zimetengwa kutafuta, kukagua na kusaidia walezi wa kambo, kaunti kwa kaunti. Idara ya Huduma za Watoto itoe hadharani, kila mwaka, idadi ya watoto wa chini ya miaka 3 walio makaoni na muda ambao kila jalada limelala. Polisi wawekewe siku ya mwisho ya kuandika ile barua, na siku ikipita bila barua, afisa aitwe mahakamani aeleze. Mahakama isikubali kesi ya mtoto mchanga iahirishwe mara ya pili kwa sababu ya ripoti.

Nawe uliye na chumba, subira na mume au mke mliyeafikiana, au uliye peke yako na moyo wako umekwisha kuamua, Jumatatu nenda ofisi ya watoto ya kaunti ndogo yako, useme unataka kusajiliwa kuwa mlezi wa kambo. Pengine karani atakushangaa. Pengine atakuelekeza kwenye makao yaliyo karibu ukapeleke msaada. Mwambie hukuja kutoa msaada, uliza jina la afisa anayehusika, liandike, na umpelekee ombi kwa maandishi lenye tarehe na nakala iliyopigwa muhuri. Akikaa kimya, mwandikie mbunge wako na uambatishe nakala hiyo.